Kikaratasi Ndani ya Zawadi

Mama yangu alitaka kalenda. Alizitaka kwa moyo wake wote, zile kubwa za kutundika ukutani, zenye picha ya duka letu la dobi juu na miezi kumi na miwili chini. Nikamwambia, "Mama, duka lenyewe rangi imebabuka. Nani atakaa mwaka mzima akilitazama?"

"Mtu mwenye shukrani," akanijibu.

Tulikuwa tumesimama kaunta, asubuhi, mbele ya makapu matupu. Hayo makapu ndiyo yaliyotufikisha kwenye habari ya zawadi. Hoteli iliyokuwa ikituletea mashuka kwa miaka tisa ilikuwa imefunga milango ili ijengwe upya, na mashine yetu kubwa, ile inayomeza mashuka arobaini kwa mara moja, ilikuwa imelala tangu mwanzo wa mwezi. Mashine ikilala, zamu ya asubuhi haina kazi. Zamu ya asubuhi ni wanawake saba: sita tunaowaita wasichana, ingawa wawili kati yao wana wajukuu, na wa saba ni Bi Pasi, mkuu wao, aliyeanza kazi hapa wakati mimi nabebwa mgongoni. Mama alikuwa ameshawaambia bila kuzunguka. Mwezi ukiisha bila mteja mkubwa, zamu ya asubuhi inafungwa na wote saba wanabaki nyumbani. Aliyasema hayo, kisha akaenda kujifungia stoo nusu saa. Tulijua analia, na hakuna aliyethubutu kupiga hodi.

Basi tukakubaliana tuchague watu watatu ambao tungetamani wawe wateja wetu, tuwapelekee zawadi nzuri, halafu tuwaombe kazi. Hapo ndipo makubaliano yalipoishia.

Mama na kalenda zake. Dereva wetu, tuliyempa jina la Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akapendekeza vikombe vyenye jina letu. Bi Pasi, bila kuinua uso kutoka kwenye meza ya kupigia pasi, akasema, "Sabuni."

"Sabuni!" nikasema. "Bi Pasi, ukimpa mtu sabuni umemwambia ananuka."

"Kama ananuka, si utakuwa umemsaidia?"

Wasichana wakaangua kicheko mpaka mmoja akaketi juu ya furushi la taulo. Mimi sikucheka. Niliwaambia kwamba zawadi yenye jina lako mwenyewe si zawadi, ni tangazo. Unampa mtu tangazo lako alitundike bure nyumbani kwake, halafu unasubiri akushukuru. Zawadi ni kumwonyesha mtu kwamba umemwona. Niliyasema kwa sauti ya juu, kama kawaida yangu. Mimi hasira na furaha zinatoka kwa mlango mmoja, na watu wengi hawajui ni ipi imetangulia. Mama akachoka kubishana, akasema, "Haya, mwenye macho, nenda kawaone."

Nikaenda kuwaona. Meneja wa hosteli ya wanafunzi nilimkuta akishuka ngazi na mwavuli uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Huyo hakunisumbua, mwavuli. Daktari wa meno alikuwa na maua sita dirishani, na aliyamwagilia kwa kile kikombe cha wagonjwa cha kusukutulia. Nikamnunulia kopo la kumwagilia maua lenye mdomo mrefu, nikajisifu njia nzima.

Wa tatu ndiye tuliyemhitaji kuliko wote. Alikuwa mkuu wa stoo ya mashuka katika hospitali kubwa, na madobi wa mji mzima walimwita Mama Darubini. Inasemekana alikuwa akiinua shuka dirishani na kulikagua uzi kwa uzi. Ndani ya miaka miwili alikuwa amewafukuza madobi watatu. Nilijifanya nimekwenda kuulizia taratibu za kuomba kazi, nikaingia ofisini kwake saa saba mchana, saa ya chakula. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani minene. Alikuwa ametandika gazeti kuukuu juu ya meza, amelinyoosha vizuri kabisa, na chakula chake kimekaa juu ya habari za michezo. Alipomaliza alilikunja gazeti mara nne, akafuta makombo, halafu akaanza kusugua wino uliomshika kwenye mkono wa gauni. Mwanamke anayetunza mashuka ya wodi kumi na moja hana kitambaa cha meza cha kwake mwenyewe. Roho iliniuma, na papo hapo nikajua nitampa nini.

Nikaenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, akanishonea kitambaa cheupe kinachotosha meza ya ofisi, na pindo la kudarizi kwa mkono. Kilipendeza. Nilipokileta dukani hata Mama alikishika muda mrefu, akasema tu, "Kalenda ingekuwa na ukubwa zaidi."

Kitambaa kipya kina harufu ya dukani, kwa hiyo nilimkabidhi Bi Pasi akifue na kukipiga pasi. Hapo sina budi kueleza desturi moja ya kwetu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Bi Pasi haruhusu nguo itoke dukani ikiwa na doa lililomshinda, kisha anyamaze. Huandika kikaratasi kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, akakiweka ndani ya mkunjo: "Samahani. Kuna doa. Tumejitahidi, halikutoka." Wateja wetu wamezoea. Wengine hucheka, wengine hununa, na mzee mmoja wa jirani ana vikaratasi hivyo ishirini na anasema ndiyo barua pekee anazopata.

Jumatatu Bi Pasi aliniletea kitambaa kimeshakunjwa na kufungwa kwa karatasi, nami nikafunga utepe juu. Kimya akazipeleka zawadi zote tatu. Jumanne majibu yakaanza kuja. Meneja wa hosteli alishukuru sana kwa mwavuli, akasema ana dobi wake na hana mpango wa kumwacha. Daktari wa meno alifurahi mpaka akatuletea makoti yake. Yalikuwa manne. Makoti manne hayawezi hata kuilowesha vizuri mashine yetu.

Jumatano mchana simu ikalia.

"Ndio nyinyi madobi mlioniletea kitambaa?"

Nikaijua sauti. Nikasimama wima kana kwamba ananiona. "Ndiyo, mama, ni sisi. Natumaini umekipenda."

"Doa liko wapi?"

"Doa?"

"Karatasi yenu inasema kuna doa. Nalitafuta tangu saa tatu, mimi na wasaidizi wangu wawili. Kesho saa nne nakuja hapo." Akakata.

Niliweka simu chini. Kisha nikaenda chumba cha pasi, na kusema kweli sikwenda, nilivamia. Wasichana wote sita walikuwepo, wakikunja yale makoti manne polepole ili yasiishe haraka.

"Bi Pasi, uliweka kikaratasi ndani ya kile kitambaa?"

"Ndiyo," akasema, wala hakushtuka. "Kwenye pindo, kona ya kushoto, kuna doa la kutu, dogo kama kichwa cha pini. Nadhani ni pini yenyewe, fundi aliisahau. Nimetia ndimu na chumvi, nikaanika juani mara mbili. Limefifia lakini lipo. Nikaandika."

"Ile ilikuwa zawadi!"

"Kwa kuwa ni zawadi ndiyo nimfiche?"

"Vikaratasi ni vya wateja, Bi Pasi!"

"Na huyu si tunataka awe mteja?"

Ningenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningekuwa mtu bora zaidi. Sikunyamaza. Nilimwambia macho yake yanaona kutu ya kichwa cha pini lakini hayaoni watu saba wanaopoteza kazi. Nilimwambia amenivunjia kila nilichojenga. Mwisho nikasema, "Nenda nyumbani. Kuharibu umeshaharibu."

Alizima pasi. Alingoja ipoe, akaizungushia waya wake kama afanyavyo kila amalizapo kazi, akatundika aproni msumarini, akatoka kwa mlango wa uani. Wasichana waliendelea kukunja makoti yaliyokwisha kukunjwa. Mama alikuwa amesikia yote kutoka kaunta.

Alhamisi Bi Pasi hakuja. Saa nne kamili Mama Darubini akaingia, mkoba kwapani, miwani puani. Alitazama kuta, akatazama sakafu, akapitisha kidole juu ya kaunta na kukikagua. Nikashukuru kwamba nilikuwa nimeifuta mara tatu kwa wasiwasi.

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa changu, kimekunjwa vilevile.

"Hospitali yetu ina sheria," alisema. "Hatupokei zawadi kutoka kwa mtu anayetaka kazi yetu. Hata ingekuwa sindano. Kwa hiyo nakurudishia."

Sikuwahi hata kuuliza kama kuna sheria. Mimi, mwenye macho! Nilikuwa nimelitazama gazeti, makombo na wino wa kwenye gauni, na pale mlangoni kwake, sasa nilikumbuka, palikuwa na tangazo refu ambalo sikulisoma. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana.

"Ngoja, sijamaliza," akasema. Akaingiza tena mkono mkobani, akatoa kile kikaratasi. "Hiki sirudishi. Hiki si zawadi. Nani kakiandika?"

"Mama, nisamehe sana, ni makosa, yule aliyekifungasha..."

"Sikuuliza habari ya makosa. Nimepokea mashuka miaka kumi na minne. Shuka likiungua wanalificha katikati ya furushi. Doa wanalikunjia ndani. Foronya ikichanika wananiambia ililetwa hivyo. Jana tumelitafuta doa hili karibu nusu siku, na tulipoliona, yule msaidizi wangu mdogo alipiga makofi. Mtu ananiletea kitu cha kunipendeza, anataka kazi yangu, na bado ananionyesha kasoro ambayo nisingeiona mpaka nastaafu! Nataka kumwona huyo mtu."

Mama yangu, aliyesimama nyuma yangu, alinifinya mgongoni kwa nguvu.

"Yuko nyumbani," nikasema.

"Anaumwa?"

"Hapana. Nilimfukuza jana. Kwa sababu ya hicho kikaratasi."

Mama Darubini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri. Kisha akavuta kiti cha wateja na kuketi. "Basi kamlete," akasema. "Wewe mwenyewe. Mimi nina saa nzima."

Kwa Bi Pasi si mbali, mitaa miwili. Nilikwenda nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Nikamsabahi. Akaitikia, akaendelea na mchele.

"Bi Pasi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Nilikukosea jana."

"Ulinikosea nini?"

Alikuwa akijua vizuri sana, lakini alitaka nipite kote huko kwa miguu yangu. "Nilikukaripia, nikakuambia umeharibu, nikakufukuza. Nawe hukukosa kitu."

"Uliniambia hayo mbele ya nani?"

"Mbele ya wasichana."

"Basi msamaha wako uko palepale ulipoyasemea," akasema. Akautoa unyasi mmoja kwenye mchele, akautazama, akautupa. "Hapa naona ni mimi na kuku tu."

Nikamwambia kwamba Mama Darubini amekaa dukani anamsubiri. Nilidhani ataruka. Aliuweka ungo ndani, akanawa mikono, akabadilisha kitenge, akatafuta kilemba, hakukipenda, akatafuta kingine. Mimi nilikuwa nimesimama nikihesabu dakika. Njiani aliamkia watu wote, hata wale ambao kwa kawaida hawaamkii.

Tulipofika niliwaita wasichana wote sita waje mbele. Mama akaja pia, na Mama Darubini akageuza kiti chake ili aone vizuri. Nikasema, mbele yao, kwamba Bi Pasi alifanya kazi yake sawasawa, kwamba mimi ndiye niliyeropoka, na kwamba naomba anisamehe. Sauti yangu, ambayo hunitii nikiwa na hasira, siku hiyo ilitoka ndogo kama ya mtoto. Bi Pasi aliniacha nisimame kidogo, kisha akanivuta kichwa begani kwake kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka mitano. "Yameisha," akasema. "Pumua."

Halafu akamgeukia mgeni, na kuanzia hapo sisi wengine tukawa fanicha. Wale wanawake wawili walizungumza kama ndugu waliopoteana. Walianza na kutu, wakaenda kwenye dawa ya vidonda, ile ya rangi ya kahawia isiyosikia sabuni. Bi Pasi akasema lazima kitambaa kilowe kwenye maji baridi kabla ya yote. Mama Darubini akapiga paja: "Baridi! Miaka yote nawaambia baridi, wananitilia maji ya moto!" Wakabishana kuhusu jiki, wakapatana kuhusu jua. Kimya alijaribu kuchangia mara mbili na mara zote mbili walimtazama mpaka akatoka nje.

Mwishowe Mama Darubini akasimama, akafunga mkoba.

"Bi Pasi, mimi sipendi kuzunguka. Nakutaka stooni kwangu. Nina meza, nina kiti, nina dirisha kubwa kuliko ukuta huu. Kazi yako ni kukagua kila shuka linaloingia. Jumatatu uanze."

Nilimtazama Mama yangu, naye alikuwa anatazama sakafu. Siku mbili zilikuwa zimebaki mwezi uishe. Hapa hatukuwa na chochote cha kumpa Bi Pasi zaidi ya habari mbaya, na mimi niliyemfukuza jana nisingekuwa na uso wa kumwambia abaki. Nilitaka akubali. Wallahi nilitaka akubali, na wakati huohuo nilitaka akatae.

Bi Pasi alifikiri kidogo. "Mama," alisema, "ombi lako ni zuri sana. Lakini lina doa."

"Doa?" Mama Darubini alivua miwani. "Liko wapi?"

"Umenihesabu mmoja. Sisi tuko saba." Akawanyooshea kidole wasichana, mmoja mmoja. "Yule ndiye anayeloweka. Yule anajua maji yamefika wapi kwa kuchovya kiwiko tu. Wale wawili wanasuuza, na hujawahi kuona watu wanasuuza. Yule anaanika, yule anakunja. Mimi natazama tu mwishoni, nasema hapa bado. Ukinichukua mimi peke yangu umechukua miwani, umeacha uso. Kama unataka macho yangu, leta mashuka hapa."

Mmoja wa wasichana, yule mwenye wajukuu wanne, alijifunika uso kwa taulo. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona sababu ya kujificha. Mtu alikuwa ameshika mlango wa kutokea mwenyewe, akausukuma ufunguke kwa wote.

Mama Darubini aliivaa miwani yake taratibu. Akawatazama wale sita, mikono yao hasa. Kisha akamgeukia Mama yangu, akamuuliza mashine yetu inabeba mashuka mangapi. Mama alijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla: arobaini.

"Nitawaletea ya wodi ya wazazi na ya watoto, mwezi mmoja wa majaribio," akasema. "Mkifanya vizuri, nitaongeza. Kuna sharti moja. Kila doa lililowashinda nilikute limeandikwa."

"Hata dogo?" akauliza Mama.

"Hasa dogo."

Aliagana na Bi Pasi kwa mikono miwili, mimi akaniaga kwa kidole kimoja. Alipotoka tulivumilia mpaka akakata kona, halafu duka likalipuka. Wasichana walicheza kuzunguka ile mashine, Kimya akapiga ngoma juu ya ndoo, na Mama yangu, mama mzima mwenye presha, akacheza hadi viatu vikamtoka. Alipochoka alinijia akihema, akanishika mkono. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ila mwakani ni kalenda."

Jumatatu nilijua gari la hospitali litafika saa moja asubuhi, kwa hiyo niliamka mapema, nikanywa chai kwa haraka, nikafika dukani saa moja kasoro dakika tano nikijiona shujaa. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wote saba walikuwa wameshafika, maji yameshajazwa, mashine inanguruma, na katikati yao Bi Pasi amesimama na aproni yake, mkono kiunoni. Alinikaripia mbele ya wote, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba watu wana kazi na mimi natembea kama bibi harusi. Nilikaripiwa tangu mlangoni mpaka kaunta, na nilicheka njia nzima.